Folda ya matokeo imetoweka: turudishe volyumu nzima, au tuitoe folda peke yake?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni karani wa ofisi ya taaluma katika chuo kimoja huku Morogoro. Jumatatu, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, folda yetu ya matokeo ya muhula ilitoweka kwenye seva. Nadhani ni mimi, maana nilikuwa nasafisha folda za zamani. Niliona aibu nikanyamaza. Nilitafuta kwenye pipa la taka la kompyuta yangu, sikuona kitu. Leo Jumatano nimemwambia kijana wetu wa TEHAMA. Seva zetu zote ni mashine pepe za VMware (kompyuta zinazoendeshwa na programu ndani ya kompyuta nyingine) na zinakaa kwenye storeji ya NetApp, yaani kifaa cha kuhifadhia data. Saa nane na nusu mchana tumeifungua: kuna snapshoti, yaani kumbukumbu za data ilivyokuwa wakati fulani: sita za kila saa, mbili za siku na mbili za wiki. Za saa, ya kwanza imeandikwa 0605 na ya mwisho 1105. Anasema hiyo ya kwanza ni ya saa kumi na mbili asubuhi, na kwamba anaweza kurudisha volyumu yote, yaani sehemu ya storeji inayobeba data, kwenye snapshoti ya Jumapili kwa dakika moja. Akimaliza atafuta snapshoti za zamani kwa sababu storeji imejaa. Tulifuta video za mahafali lakini nafasi haikuongezeka. Tuna pia programu ya Veeam inayofanya bakapu (nakala ya akiba) kila usiku saa nne kwenda seva nyingine, ila yeye anasema snapshoti ni bakapu tosha. Ninachoogopa: Jumapili mchana tuliingiza alama za kozi tatu, na wenzangu hawajaacha kufanya kazi tangu Jumatatu. Tutapoteza nini?"

Marahaba, na pole kwa kulibeba jambo hili peke yako siku mbili. Kabla sijaeleza chochote, mpigie simu kijana wenu umwombe mambo mawili: asirudishe volyumu, na asifute snapshoti hata moja. Ukishampata, rudi tuendelee.

Kama nimekuelewa, unaogopa kwamba kuipata folda yako kutawagharimu wenzako kazi yao. Kwa njia anayoitaka yeye, hofu yako ni ya kweli kabisa. Lakini ipo njia nyingine: kuingia ndani ya nakala ya zamani, kuitoa folda hiyo peke yake, na kuacha kila kitu kingine kilivyo. Kwa njia hiyo, kutokana na maelezo uliyonipa, kitakachokosekana ni kazi iliyoingizwa Jumatatu kati ya kufungua ofisi na folda kutoweka. Hiyo mtaiandika upya kutoka kwenye karatasi za alama walizosaini wahadhiri.

Kwanza nikutoe kwenye pipa la taka. Pipa lile linahifadhi vitu vilivyofutwa kwenye diski ya kompyuta yako. Folda iliyo kwenye seva ukiifuta kupitia mtandao haipiti hapo. Inaondoka moja kwa moja. Kwa hiyo kutoikuta hakumaanishi kwamba si wewe, wala kwamba imeteketea. Na kabla hamjarejesha kitu, tafuteni jina la folda hiyo kwenye seva nzima ya mafaili. Nimeitwa mara nyingi kuokoa folda "zilizofutwa" ambazo mtu aliziburuta kwa kipanya bila kujua, zikaingia ndani ya folda ya jirani, zikawa zimetulia humo salama salimini. Utafutaji huo unachukua dakika kumi na hauharibu chochote. Usikubali tu mtu akuuzie programu ya kufufua mafaili uisakinishe kwenye seva. Kila kinachoandikwa kwenye diski kinaweza kukaa juu ya kile unachokitafuta, na ninyi hamna haja ya kubahatisha hivyo wakati nakala mnazo.

Sasa snapshoti yenyewe. Watu wengi, na mafundi wamo, hudhani ni nakala kamili ya diski iliyowekwa pembeni. Ingekuwa hivyo isingetengenezwa kwa sekunde chache. Nikueleze kwa kitu unachokijua: masjala. Kuna makabati yenye karatasi, na kuna rejista inayosema karatasi ipi iko kabati lipi, tundu lipi. Fikiria sasa masjala yenye karani wa ajabu kidogo. Mtu akirekebisha ukurasa wa tatu wa jalada, karani hafuti maandishi ya zamani. Anauweka ukurasa mpya kwenye tundu lililo wazi, anaandika tundu jipya kwenye rejista, na ule wa zamani anautupa baadaye akipata nafasi. Storeji ya NetApp inafanya kazi namna hiyo: inagawa data katika vipande vya kilobaiti 4, na kipande kilichobadilika huandikwa mahali papya badala ya kufunika cha zamani.

Snapshoti ni pale karani anapoitoa kopi rejista, siyo karatasi, kisha anaandika juu yake: karatasi yoyote inayotajwa humu ni marufuku kuitupa. Basi. Ndiyo maana ni ya haraka na mwanzoni haili nafasi. Rejista ya leo inaendelea kubadilika, lakini kopi ya Jumapili bado inaelekeza kwenye karatasi za Jumapili, nazo bado zimo kwenye matundu yake. Folda yako ilipofutwa Jumatatu, iliondolewa kwenye rejista ya leo tu.

Ukishalielewa hilo, utaona kwa nini video za mahafali hazikuachia nafasi. Mlizifuta kwenye rejista ya leo, ila kopi za Jumapili mbili zilizopita bado zinazitaja, na karani amekatazwa kuzitupa. Nafasi haiwezi kurudi kabla snapshoti hizo hazijafikia zamu yao ya kuondoka. Kijana wenu hajakosea kusema kwamba kufuta snapshoti kungeongeza nafasi. Amekosea wakati. Humo humo ndimo ilimo folda yako. Kama storeji imejaa kiasi cha kutishia seva kusimama, hakikisheni angalau ya Jumapili hii inakuwa ya mwisho kuguswa, na kama storeji imepangwa kujifutia snapshoti bila kuulizwa nafasi ikiisha, mpangilio huo usimamishwe kwanza.

Kurudisha volyumu nzima ni kuitupa rejista ya leo na kuweka ile ya Jumapili mahali pake. Inachukua muda mfupi kweli, hajakudanganya. Lakini volyumu siyo folda, na wala siyo seva moja. Ni masjala nzima: seva ya mafaili, ya usajili wa wanafunzi, ya ada, na pengine ile inayotunza majina na nywila za watumishi, kama zote zinakaa humo. Zote zingerudi Jumapili alfajiri. Risiti za ada za Jumatatu, Jumanne na leo zingefutika, aliyebadilisha nywila angeshindwa kuingia, na alama zenu za Jumapili mchana zingepotea pia. Kibaya zaidi, NetApp ikirudisha volyumu kwenye snapshoti fulani, snapshoti zote zilizochukuliwa baada ya hiyo hufutwa. Ukigundua umekosea huna pa kurudi.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimelifanya. Miaka ya mwanzo ya kazi niliombwa na ofisi moja jedwali moja la Excel, nami nikarudisha volyumu yote kwa kuwa ndiyo amri niliyoijua. Jedwali lilirudi. Mauzo ya siku nzima ya idara ya pili yaliondoka, na hakuna aliyeniuliza kwanza kama idara hiyo ilikuwa kwenye volyumu ile ile. Wala mimi sikuuliza. Tuliyaandika upya kwa mkono hadi saa tano usiku, mimi nikisoma stakabadhi kwa sauti na mhasibu akichapa bila kuniangalia.

Sasa tusome saa, maana hapa ndipo wengi huteleza. Umeniambia mlikaa mbele ya skrini saa nane na nusu mchana na snapshoti ya mwisho ikawa imeandikwa 1105. Storeji inayochukua snapshoti kila saa haiwezi kuwa imelala tangu saa tano asubuhi. Saa yake iko kwenye UTC, yaani saa ya kimataifa, na Afrika Mashariki tuko mbele saa tatu. Kwa hiyo 1105 ni saa nane na dakika tano mchana, na ile 0605 siyo ya saa kumi na mbili asubuhi, ni ya saa tatu na dakika tano. Kwa folda yenu ya leo tofauti hiyo haiumi, ila siku nyingine itawafanya mchukue nakala iliyotengenezwa baada ya ajali mkiamini ni ya kabla. Andikeni kwenye karatasi na kuibandika ukutani: ongeza tatu upate saa ya kizungu, kisha ndipo ugeuze kuwa saa yetu ya Kiswahili.

Tupitie orodha kwa jicho hilo. Sita za kila saa, mbili za siku, mbili za wiki ni mpangilio ambao NetApp huja nao kiwandani, dalili kwamba hakuna aliyeugusa tangu storeji ifungwe. Za saa zote ni za leo, hazina folda. Za siku ni za usiku wa kuamkia Jumanne na wa kuamkia leo, saa tisa na dakika kumi. Zote ni za baada ya Jumatatu asubuhi, nazo hazina. Zinabaki za wiki: ya Jumapili hii, saa tisa na robo usiku wa kuamkia siku hiyo, na ya Jumapili iliyotangulia. Folda imo humo, lakini alama mlizoingiza Jumapili mchana hazimo, kwa sababu wakati ule hamkuwa mmeziandika.

Hapa nitasema kitu ambacho hakitakupendeza. Jumatatu saa nne na dakika tano asubuhi kulichukuliwa snapshoti, 0705 kwa saa ya storeji. Huenda ilikuwa na folda yako pamoja na kazi yote ya asubuhi ile. Ilidumu hadi saa kumi na dakika tano jioni, ya saba ilipoingia ikaisukuma nje. Ungesema wakati wa chakula cha mchana, leo usingeniandikia. Silengi kukuaibisha, ofisi ambayo mtu akifuta faili anaona haya kusema, tatizo lake haliko kwenye storeji, na mkuu wako wa idara ningependa asome aya hii.

Tazama sasa ile bakapu ambayo kijana ameidharau. Veeam ilifanya kazi Jumapili saa nne usiku. Hiyo ni baada ya ninyi kuingiza alama za kozi tatu na kabla ya folda kutoweka. Kwa hiyo kwenu chanzo bora siyo snapshoti, ni bakapu ya Jumapili usiku, mradi ripoti ya usiku huo inaonyesha ilifaulu. Msiamini kwa kukisia, fungueni ripoti. Ikiwa ilishindwa, snapshoti ya Jumapili alfajiri ndiyo tegemeo lenu, na alama za kozi tatu mtaziingiza tena.

Habari njema ni kwamba namna ya kuitoa folda inafanana kwa vyanzo vyote viwili. Ikiwa mnatumia bakapu, kijana ataitafuta seva ya mafaili kwenye orodha ya bakapu, atachagua kurejesha mafaili ya ndani ya mashine, kisha atachagua tarehe ya Jumapili. Ikiwa mnatumia snapshoti, lazima storeji iwe imesajiliwa ndani ya Veeam. Kama haijasajiliwa ataisajili kwanza na kuiagiza Veeam isome upya orodha. Baada ya hapo ataona volyumu, chini yake snapshoti, na ndani ya kila snapshoti majina ya mashine pepe zilizokuwemo. Atachagua seva ya mafaili, si nyingine.

Kinachotokea nyuma ya pazia kwenye njia ya snapshoti kinafaa kujulikana, kwa sababu kinaondoa woga. Programu haiandiki kitu kwenye snapshoti, na haiwezi, kwa kuwa snapshoti ni ya kusoma tu. Inaiomba storeji itengeneze pacha wake anayeweza kuandikwa, inamwonyesha pacha huyo kwa seva ya VMware kama diski ya muda, inasajili mashine ya muda, kisha inafunga diski zake kwenye seva ya Veeam ili mafaili yasomeke. Seva yenu halisi inaendelea kuhudumia watu bila habari. Mkifunga dirisha, vitu vyote hivyo vya muda vinaondolewa. Kwa hiyo lifungeni mkimaliza, msiliache wazi mkaenda nyumbani.

Dirisha hilo litaonyesha folda kama zilivyokuwa siku ile. Mkibofya kulia juu ya folda yenu mtapewa maneno matatu ya Kiingereza, na hapa ndipo pa kutulia. "Overwrite" inafunika kilichopo sasa. "Keep" inarudisha pale pale lakini inayapa mafaili jina linaloanza na RESTORED ili yasigongane na yaliyopo. "Copy To" inapeleka nakala mahali mtakapochagua. Chukueni hii ya mwisho. Tengenezeni folda mpya pembeni, iiteni Marejesho ya Jumapili, pelekeni humo. Sababu ni kwamba baadhi ya wenzako, wakiikosa folda Jumatatu na Jumanne, bila shaka walianza nyingine yenye jina lile lile. Mkifunika, mtaua kazi yao ya siku mbili kimya kimya.

Programu itauliza kama mnataka kuhifadhi ruhusa za awali za mafaili. Mjibu ndiyo. Matokeo ya wanafunzi ni taarifa binafsi, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, folda ya alama kukaa wazi kwa chuo kizima si uzembe mdogo. Folda ya Marejesho yenyewe iwekewe ruhusa ya ofisi ya taaluma tu, na ifutwe kazi ikiisha.

Kisha fungueni mafaili yenyewe, siyo kutazama majina tu. Snapshoti ambazo storeji inachukua kwa ratiba yake haziiambii Windows ijiandae. Zinanasa hali kama vile umeme umekatika ghafla. Jedwali la Excel lililokuwa limehifadhiwa na kufungwa halina shida. Lililokuwa likiandikwa dakika ile linaweza kutoka na kasoro. Kwa folda za saa tisa usiku sitegemei tatizo, kwa mafaili ya mchana ningekagua moja moja. Hifadhidata ni jambo tofauti: usichomoe faili la hifadhidata ya ada namna hii ukalirudisha kwenye mfumo unaofanya kazi.

Mkishakagua, kaa na mwenzako mmoja mlinganishe folda ya Marejesho na ile mpya, kozi kwa kozi, mkitazama tarehe ya kubadilishwa kwa kila faili. Itawachosha. Hakuna programu itakayowaamulia kati ya alama 54 na 45 ipi ni sahihi. Hapo ni karatasi ya mhadhiri.

Kuhusu "snapshoti ni bakapu tosha", rudi kwenye masjala. Moto ukiwaka, rejista na kopi zake zinaungua pamoja, kwa sababu kopi zile hazikubeba karatasi, zilizitaja tu. Storeji ikiharibika, au mwizi akiingia na nywila ya msimamizi, snapshoti zinakwenda na data. Virusi vya kudai fidia hulijua hilo. WannaCry ya mwaka 2017 ilikuwa na amri ya kufuta nakala za kivuli, zile ambazo Windows hujitengenezea ndani ya kompyuta, kabla mwenye kompyuta hajafikiria kuzitumia. Snapshoti ni ya ajali za leo na jana, bakapu kwenye kifaa kingine ni ya majanga, na ninyi mnavyo vyote viwili. Ningeongeza tu idadi ya snapshoti za saa, walau zifike siku mbili, nafasi ikipatikana. Sita ni chache mno kwa ofisi yenye watu wanaoogopa kusema.

Kuna hali ambazo sitaki mzimalize wenyewe kwa maelezo ya kuandika. Kama dirisha halionyeshi mafaili kabisa, au linaonyesha majina yake lakini yanakataa kufunguka, huenda diski ya seva imesimbwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la kuficha data) au inatumia mfumo wa Windows wa kuondoa data inayojirudia, na seva ya Veeam haijaandaliwa kwa hilo. Tafuteni mtu mwenye uzoefu wa Veeam akae nanyi. Kama kuna mafaili mengine yaliyotoweka au kubadilika majina siku hiyo hiyo, tenganisheni seva na mtandao na muite mtaalamu wa usalama kabla ya kurejesha chochote. Na kama, baada ya kuulizana, hakuna aliyeifuta na alama za mtu fulani ndizo zilizobadilika, hilo limeshatoka mikononi mwa TEHAMA: hifadhini snapshoti zote kama zilivyo, mwelezeni mkuu wa chuo kwa maandishi, msiguse kitu hadi aseme. Ni vilevile ikitokea mtu akasisitiza volyumu irudishwe nzima. Aweke saini yake, na kila idara iliyomo kwenye volyumu hiyo iwe imeulizwa.

Kwa leo, anzeni na kutafuta jina la folda kwenye seva nzima. Mkikosa, fungueni ripoti ya Veeam ya Jumapili usiku. Jumapili ijayo snapshoti mpya ya wiki itaingia na ile ya zamani zaidi itatoka, kwa hiyo ya Jumapili hii bado mnayo kwa zaidi ya wiki, mradi hakuna mtu anayeifuta kwa mkono. Kijana wenu mwambie nimemsalimu, na kwamba akipata nafasi airekebishe saa ya ile storeji.